Jinsi nilivyotenganisha akina María Cristina wawili wa Hispania

Nimehangaika wiki mbili na makala ya kamusi elezo kuhusu Malkia María Cristina. Juu iliandikwa alizaliwa 1858. Aya ya pili ikasema alishika utawala 1833!

Kwanza nilifuta 1833 nikaweka 1885. Aya ikapona, lakini mtoto wake bado aliitwa Isabel II. Nikaongeza vyanzo, mkanganyiko ukazidi.

Kilichofungua fundo ni kuchukua karatasi na kuandika nani mama wa nani. Kumbe ni wajane wawili. María Cristina wa Sicilia Mbili (ufalme wa zamani kusini mwa Italia) alitawala 1833 hadi 1840 kwa niaba ya bintiye, Isabel II. María Cristina wa Austria alishika hatamu 1885 hadi 1902. Mwanawe Alfonso XIII alizaliwa Mei 1886, baba yake akiwa amefariki karibu miezi sita kabla.

Basi nikabadili kichwa kiwe "María Cristina wa Austria", nikahamishia habari za 1833 kwa mwenyewe, kisha nikarekebisha viungo vya kuelekea makala hizo kimoja kimoja.

Kilichobaki ni neno "malkia". Isabel II alikalia kiti cha enzi kwa haki yake. Akina María Cristina hawa wawili waliolewa na wafalme. Kiswahili kinawaita wote malkia, na hapo ndipo msomaji anapotea. Sentensi ya kwanza sasa inasema: "alikuwa mke wa Mfalme Alfonso XII, na baada ya kufiwa alitawala kwa niaba ya mwanawe." Tangu hapo makala inasomeka bila kukwama.