Ubao Usio na Mteja

Wakati huo nilikuwa fundi wa mabango pale Kirumba, Mwanza. Majina ya mitumbwi, kichwa cha ng'ombe mlangoni mwa bucha, mkasi na kitana ukutani mwa saluni. Yote kwa oda. Kwanza rula na penseli, mteja aridhike, ndipo nifungue kopo la rangi na kuizimua kwa thina ili ikauke upesi. Watu wa mwaloni hawana subira, mtumbwi unatakiwa majini jioni hiyohiyo.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa sanaa, aliniita Jumamosi moja. Alikuwa na sanduku la rangi za mafuta za tyubu, zile za wachoraji, na macho yake yalikuwa yameanza kumwangusha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Hiyo penseli iache hapo mlangoni."

Barazani, mahali ambapo ziwa linaonekana mpaka Capri Point, alikuwa ameegemeza kipande cha hadibodi. Alishakipaka nyeupe, maana ubao mtupu hunyonya mafuta yote na kuacha rangi kavukavu. Akaniambia hata Edward Saidi Tingatinga alianzia kwenye hadibodi, Dar es Salaam mwaka 1968, ila yeye alitumia rangi za baiskeli, jamaa za makopo yangu. Hizi za tyubu zina mafuta ya kitani, na mafuta hayo hukauka kwa kushikana na hewa polepole, siku kadhaa, pengine wiki. Tabaka la chini liwe jepesi, la tapentaini. La juu lizidi mafuta, la sivyo picha itapasuka. Akamaliza, akavuta ungo wa karanga akaanza kumenya.

"Sasa nichore nini, Mwalimu?"

"Kwani nani kakuagiza?"

Nilisimama pale nikijiona mjinga. Mkono uliozoea kufuata mstari, ukinyimwa mstari unatetemeka. Mwishowe nikaminya njano kwa sababu tyubu yake ndiyo iliyokuwa karibu, nikaisambaza ubao mzima kwa kitambaa. Nikaongeza nyekundu pembeni. Halafu nikachanganya bluu ya ultramarini na kahawia nzito, nikashangaa kuona weusi unazaliwa bila tone la rangi nyeusi, weusi wenye kina kuliko wowote niliowahi kununua dukani. Nikaufunika nao ubao karibu wote.

Rangi ya kopo ingekuwa imeshanifungia mlango. Hii ilibaki laini, inateleza, inakubali kurudiwa. Nikachukua kile kisu chembamba cha kuchanganyia nikakwangua kidogo, bila nia yoyote. Njano ikachungulia. Nikakwangua tena kando yake, na tena. Ndipo nikaona ninachokifanya: karabai za wavuvi wa dagaa, usiku wa giza usio na mwezi, zimejipanga ziwani hadi ukadhani ng'ambo kuna mji. Nimeziona tangu utotoni na sikuwahi kufikiri kuzichora. Nani angelipia taa za watu? Kuanzia hapo sikumsikia tena Mwalimu wala redio yake. Mawe yakatokea yenyewe upande wa kushoto, mwamba juu ya mwamba, kwa vidole tu.

Jioni vijidudu vya ziwani vikapanda, vikanasa kwenye rangi mbichi. Nikataka kuvitoa kimoja kimoja. Mwalimu akasema viache, navyo ni wenyeji.

Nikaubeba ubao kwa kingo zake mpaka kibandani kwangu. Kesho yake akaja mteja, mwenye mtumbwi, kuulizia jina lake. Akautazama ubao muda mrefu, akanyoosha kidole akagusa taa moja, kikatoka na njano.

"Hii ni Igombe," akasema. Mimi hata sikuwa nimefikiria mwalo wa Igombe. "Nichoree kama hii ubavuni mwa mtumbwi, fundi. Ila hapo penye giza uweke namba ya simu."