Ukuta Bado Mweupe

Jumapili, saa nne usiku. Baridi ya Juni hapa Uyole, Mbeya, haina adabu. Naandika nimejifunika blanketi, soksi jozi mbili miguuni.

Fundi rangi amepiga simu tena mchana. "Mwalimu, maneno yako tayari?" Anaulizia maneno ya ukuta wa mbele, nyuma ya mimbari: kusudi la kanisa letu na vipaumbele vya huduma. Mimi ni katibu wa kanisa, na kwa kuwa nafundisha Kiswahili sekondari, washirika walidhani hiyo kwangu ni kazi ya jioni moja. Hii ni wiki ya sita. Ukuta umepigwa rangi nyeupe, umekauka, unanitazama kila ibada.

Rasimu ya kwanza niliiandika haraka. Nilipekua kwenye simu picha za kuta za makanisa mengine, nikaokota neno hapa na neno pale, nikapata sentensi ndefu yenye "kugusa mataifa", "ubora" na "weledi". Shemasi wetu mmoja, dereva wa malori mstaafu, aliisoma akavua miwani. "Hii hata benki wanaweza kuibandika." Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaifuta.

Nimezaliwa Rungwe, nyumba ya Wamoraviani. Wamisionari wa Moravian walifika kule mwaka 1891, na kwa bibi yangu kanisa lilikuwa kitu kilichokuwepo tangu zamani, kama mlima wenyewe. Nilibatizwa nikiwa mchanga, kwa maji ya kiganjani, na maamuzi makubwa yalitufikia kwa barua zilizosomwa wakati wa matangazo. Sisemi kwa ubaya. Imani ya bibi ndiyo iliyonilea. Nilihamia kwa Wabaptisti nikiwa na miaka 24, nikazamishwa mtoni asubuhi ya Julai meno yakigongana, lakini maji hayakunishangaza kama kikao changu cha kwanza cha washirika. Hoja ilikuwa kununua viti. Binti aliyekuwa akifanya kazi za ndani kwa mhazini alinyoosha mkono, akapinga pendekezo la mhazini, na kura yake ikahesabiwa moja, sawa na ya mchungaji. Jioni akarudi kumpikia.

Makanisa yetu yana umoja wake wa kitaifa na viongozi wake tunawaheshimu, ila hakuna ofisi ya juu inayoweza kuliambia kanisa la mahali fedha zake zifanye nini. Tukikosea tumekosea wenyewe. Ndiyo maana vikao vyetu ni virefu, na ndiyo maana siku ya kikao mama yangu mdogo husingizia mafua.

Cha Mei kilianza saa nane mchana kikaisha taa zimewashwa. Mhazini alisoma: baada ya matumizi ya kawaida na posho ya mchungaji, akiba ni milioni nne na laki mbili. Mbele yetu mambo matatu. Spika mpya na kinanda, kwa sababu vilivyopo vinakoroma. Mabati ya kituo chetu cha kuhubiria kule Rungwe, ambako watu thelathini na kitu wanaabudu chini ya turubai. Na mfuko wa wajane na wagonjwa, ambao tangu Pasaka ulikuwa na elfu kumi na nane.

Nakiri niliingia kikaoni nikiwa upande wa spika. Kijana wa kwaya aliyezitetea aliongea vizuri, bila jazba. Alisema vijana wenzake saba wamehamia makanisa yenye muziki mkubwa, na kwamba Agizo Kuu la Mathayo 28, lile la kwenda kufanya mataifa yote kuwa wanafunzi, linaanza na vijana wa mtaa huu kabla ya kufika Rungwe. "Tunasema tunafanya wanafunzi. Wanafunzi wenyewe wako wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka.

Mchungaji alisomea Arusha, kwenye seminari ambayo baadaye ilizaa Chuo Kikuu cha Mount Meru, na hupenda historia kuliko muda wetu unavyoruhusu. Akatupeleka Kettering, Uingereza, tarehe 2 Oktoba 1792. Wachungaji wachache wa Kibaptisti walikaa sebuleni kwa mjane mmoja, wakaahidi pauni 13, shilingi 2 na peni 6 kwa ajili ya kupeleka Injili mbali, na ahadi zao zikatiwa kwenye kikopo cha ugoro. Mwaka uliofuata William Carey, fundi viatu aliyekuwa mchungaji, alipanda meli kwenda India. Mzee mmoja wa benchi la nyuma akauliza kama ugoro ulitolewa kwanza. Tulicheka, tukapumua kidogo. Lakini ile sebule ya mjane ilinikaa kichwani: kazi ya kwenda mbali ilianzia mezani kwa mama ambaye mfuko wetu ungemwandika orodhani.

Kisha likaja jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda. Ni mwaka wa uchaguzi. Shemasi mmoja akasimama kusema kuna ndugu, anautaka udiwani, yuko tayari kutununulia spika zote na kinanda juu. Anachoomba ni dakika tano za kusalimia Jumapili. Dakika tano tu. Ukumbi ulichangamka, niliona hata wapinzani wa spika wakipiga hesabu vidoleni, kwamba kwa mpango huo mabati yangepatikana na wajane wangepata. Nilipiga hesabu hiyo hiyo.

Mchungaji hakupinga moja kwa moja. Akasimulia habari za Thomas Helwys, aliyeanzisha kanisa la kwanza la Kibaptisti katika ardhi ya Uingereza. Mwaka 1612 mtu huyo alimwandikia Mfalme James kwamba mfalme ni mwanadamu wa kufa, si Mungu, na hana mamlaka juu ya roho za raia wake. Alitetea uhuru wa dhamiri hata kwa Waislamu na Wayahudi. Akafungwa Newgate, London, akafia kifungoni. "Sasa sisi," mchungaji akasema, "tunauliza bei ya dakika tano." Akaketi. Nadhani hiyo ilikuwa hotuba yake fupi kuliko zote tangu aje kwetu.

Tukaamua ndugu yule akaribishwe kama mgeni yeyote, akae benchi lolote, na tumwombee kama tunavyoombea wagombea wote. Hajaja bado.

Tuliporudi kwenye milioni nne na laki mbili, bibi mmoja wa umoja wa akina mama aliomba kusema. Yeye huwa haongei vikaoni, hufuma. Aliweka sweta chini. Alisema akiwa msichana wa miaka kama kumi na miwili alikohoa damu, akaletwa Mbeya kwenye hospitali ya kifua kikuu iliyokuwa ya misheni ya Baptist. Hao Wabaptisti kutoka Marekani walianza kazi Tanganyika mwaka 1956, na hospitali hiyo ilikuwa miongoni mwa kazi zao za mwanzo. Alikaa wodini miezi mingi, kama walivyokaa wagonjwa wote wa enzi zile, sindano kila siku. "Walianza na mapafu yetu," alisema. "Walitupima uzito kila wiki, tukiongezeka wanafurahi kama wameongezeka wao. Jioni anakuja mtu anasoma Neno, wenye nguvu tunaimba. Niliporudi kwetu nilikuwa na vitu viwili, pumzi na Agano Jipya. Mama yangu alitaka kujua nimevitoa wapi."

Kimya. Kisha yule kijana wa kwaya, kwa heshima kabisa: "Shikamoo bibi. Lakini siku hizi kifua kikuu serikali inatibu bure. Kazi hiyo ina mwenyewe. Kanisa libaki na kazi gani?"

Sikuwahi kusikia swali zuri hivyo kanisani kwetu. Ndilo swali la ukuta wangu. Bibi akamjibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Dawa ni bure, ndiyo. Nauli ya kwenda kuchukua dawa nani anatoa?" Akataja mshirika mmoja anayekaa karibu na reli, anayetembea kwenda kliniki kwa kukosa nauli ya bodaboda. Wengi wetu hatukujua kuwa anaumwa. Mimi, katibu mwenye daftari la washirika, sikujua.

Mtu akasoma Matendo 6, pale mitume waliposema haifai waache Neno wahudumu mezani. Fungu hilo nimelisikia mara nyingi, na karibu kila mara linatumika kumwambia mchungaji asisumbuliwe na habari za unga na maharage. Usiku ule nilipofika nyumbani niliendelea kusoma, maana usingizi ulikataa. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya wajane waliosahauliwa katika mgawo wa kila siku. Wakachaguliwa watu saba wa kusimamia chakula. Mmoja ni Stefano, naye karibu sura ya 7 yote ni mahubiri yake. Mwingine ni Filipo, na Filipo huyo huyo, sura ya 8, ndiye anayekimbia kando ya gari la yule Mwethiopia, anamfafanulia Isaya, wanashuka wote wawili majini. Kwetu fungu hilo husomwa karibu kila ubatizo! Nililisikia nikiwa nimesimama kwenye maji baridi, nikitetemeka. Miaka yote hii sikuwahi kutambua kuwa aliyembatiza yule msafiri alikuwa mgawa chakula wa wajane.

Nilikaa na hilo hadi jogoo la kwanza.

Kura za Mei zilipigwa kwa mikono. Mabati yalipita. Mfuko wa wajane na wagonjwa ukatengewa kiasi cha kila mwezi, kisingoje tena huruma ya Pasaka, na nauli ya kliniki ikaandikwa kwa jina lake kama fungu la matumizi. Spika zilipelekwa kwa fundi kule Mwanjelwa, zikarudi. Zinakoroma kidogo zaidi ya zamani. Nilikuwa nimeshahama upande wa spika. Tulishinda kwa kura chache na sijisikii mshindi. Yule kijana wa kwaya na mwenzake hawajaonekana Jumapili mbili sasa. Nimempigia, anapokea, anasema yuko bize. Alikuwa na hoja. Hakuna mahali kwenye muhtasari pa kuandika kwamba aliyeshindwa alikuwa na hoja.

Jana Jumamosi tulipeleka mabati Rungwe kwa kirikuu cha kukodi, mimi na shemasi dereva tumekaa nyuma kuyashikilia kwenye kona. Geji 28, na misumari ya kutosha. Akina mama wa kituo walikuwa wamepika ndizi na maharage. Bibi naye alikuja, pamoja na umri wake, akakaa kwenye kigoda akifuma huku mafundi wakipiga misumari juu. Nilimwonyesha rasimu mpya kwenye simu, mistari minne. Hana miwani ya kusomea, nikamsomea. Alisikiliza akaniuliza kama yule mgonjwa wa karibu na reli ameenda kliniki wiki hii.

Sikuwa na jibu. Nimempitia leo baada ya ibada. Ameenda.

Fundi rangi nimemwambia asubiri kidogo. Amesema sawa, lakini kianzio nilichompa ameshakila.