Ninavyosahihisha komenti za wanaoanza kuandika programu

Mwanzoni nilidai komenti 10 kwa kila zoezi la lugha ya Python. Komenti ni maelezo ya msomaji yanayofuata alama ya #, ambayo kompyuta huyaruka. Zilikuja 10 kamili, nyingi za namna hii: `i = i + 1  # ongeza 1 kwenye i`. Ukidai idadi utaletewa idadi, kwa hiyo sharti hilo nikaliondoa.

Sasa komenti zina alama 10 kati ya 100. Sababu (kwa nini msimbo umeandikwa hivyo) 4, ukweli 3, maelezo ya fanksheni, yaani kipande cha msimbo chenye jina (inapokea nini, inarudisha nini) 2, na 1 ya usafi, ambayo huikosa anayeacha msimbo wa zamani umezimwa kwa #.

Zoezi linalozaa komenti nzuri ni la kupanga madaraja ya kidato cha nne. Anayeandika `elif alama >= 45:  # kama alama ni 45 au zaidi` hajaniambia kitu. Anayeandika `# C huanzia 45, viwango vya NECTA` amenionyesha 45 imetoka wapi: Baraza la Mitihani la Tanzania. Bora kuliko zote ni ile inayokaa juu ya `if` ya kwanza: `# anza na A, ukianza na D, kila mwenye 30 kwenda juu ataishia D`. Hiyo hupata 4 zote, hata kama sarufi yake imepinda.

Ukweli naupima kwa zoezi linalofuata: C ianzie 50. Wapo wanaobadilisha namba na kuiacha komenti ikisema 45. Hapo ukweli ni 0, hata kama programu inakwenda, maana msomaji huiamini komenti kabla hajausoma msimbo.

Kwenye `x = 0  # jumla ya alama` sikati kitu. Naandika pembeni: ipe jina `jumla_ya_alama`, komenti uifute.

Darasa likiwa kubwa, komenti nazichomoa kwa `tokenize`, moduli ya Python inayogawa msimbo vipande vipande. Kutafuta # peke yake hukosea: `"Piga *150*00#"` iliyo ndani ya nukuu nayo huhesabiwa. `tokenize` haikosei hapo, ila maelezo ya fanksheni yaliyo kwenye nukuu tatu huyaona kama maandishi tu, hivyo hayo nayatoa kwa fanksheni nyingine ya Python, `ast.get_docstring`. Orodha naitoa pamoja na namba za mistari, la sivyo muda wote unaishia kutafuta komenti ilikaa wapi.