Kutoka Jimaní hadi Léogâne: Safari ya Tabibu Baada ya Tetemeko la Haiti

Tuliingia Haiti kwa barabara kwa sababu angani hapakuwa na nafasi. Uwanja wa ndege wa Port-au-Prince, mji mkuu, una njia moja tu ya kurukia, mnara wake wa kuongozea ndege ulikuwa umeharibiwa na tetemeko la Januari 12, 2010, na baadhi ya ndege zilizosheheni dawa na hospitali za mahema zilinyimwa ruhusa ya kutua zikageuzwa kwenda Santo Domingo, katika Jamhuri ya Dominika. Bandari nayo ilikuwa haifai kitu. Basi tukapakia masanduku yetu kwenye lori, tukashika njia ya magharibi kuelekea Jimaní, mji mdogo ulioko mpakani.

Hapo Jimaní ndipo nilipoanza kuielewa kazi iliyotungoja. Hospitali ilikuwa imefurika majeruhi waliovushwa mpaka kwa malori na pikapu, na karibu wote walikuwa na majeraha ya namna moja: miguu na mikono iliyosagwa na zege. Katika nchi inayopigwa na vimbunga mara kwa mara, paa zito la zege huonekana kuwa ndilo kinga, lakini likiwekwa juu ya kuta za matofali hafifu zisizo na nondo za kutosha, ardhi ikiyumba hugeuka kuwa mauti. Tetemeko lile lilikuwa na ukubwa wa 7.0, kitovu chake kikiwa kilomita 25 hivi magharibi mwa Port-au-Prince, nalo lilipiga saa 10:53 jioni, wakati watu wengi bado wako madarasani, maofisini na jikoni.

Tuliuvuka mpaka wa nchi hizo mbili pale Malpasse, tukapita kandokando ya Ziwa Azuéi, kisha Croix-des-Bouquets, tukaingia jijini.

Jambo la kwanza nililoliona Port-au-Prince ni kwamba tiba yote ilikuwa nje. Hata pale ambapo jengo la hospitali lilikuwa bado limesimama, wagonjwa walikataa katakata kulala chini ya dari, na sikuona sababu ya kuwalaumu. Asubuhi ya Januari 20 ardhi ilipotikisika tena kwa nguvu ya 5.9, wale wachache waliokuwa wameshawishika kurudi wodini walitolewa mbiombio, wengine wakiwa na dripu mkononi, na tangu hapo hatukuzungumza tena habari ya majengo. Tulifunga turubai kwenye miti, tukaning'iniza chupa za maji ya dripu kwenye matawi, tukapasua mchana na usiku kwa ketamini, dawa ya usingizi inayomwezesha mgonjwa kuendelea kupumua mwenyewe pasipo mashine.

Kuna kifo kimoja cha tetemeko ambacho asiyekijua hawezi kukitazamia. Mtu hufukuliwa kutoka kwenye kifusi akiwa na fahamu, akaomba maji, akazungumza na nduguze, kisha akafariki baada ya saa chache au siku chache. Misuli iliyobanwa kwa muda mrefu hufa, na kiungo kinapofunguliwa, sumu iliyojikusanya humwagika kwenye damu: potasiamu husimamisha moyo, na protini ya misuli huziba figo. Dalili yake tuliiona kwa fundi mwashi mmoja kijana, aliyeletwa akiwa mchangamfu kabisa, lakini mkojo wake, uliokuwa kidogo mno, ulikuwa na rangi ya chai. Mtu kama huyo angepaswa kuwekewa maji kwenye mshipa akiwa bado chini ya zege, kabla hata nguzo haijanyanyuliwa. Kwa aliyechelewa hubaki mashine ya kusafisha damu, na mashine hizo zilikuwa za kuhesabika katika jiji zima. Kijana yule alipata nafasi. Wengi hawakupata, na kwa maoni yangu hapo ndipo msaada wa kutoka mbali unapofikia ukomo wake, kwa sababu saa zinazookoa figo na miguu huwa zimeshapita kabla ndege ya kwanza haijatua.

Ukweli huo niliuona waziwazi Léogâne, mji uliokuwa karibu kabisa na kitovu, ambako sehemu kubwa ya nyumba zilikuwa chini. Jengo la chuo cha uuguzi cha pale lilinusurika, na wanafunzi wake walianza kuwahudumia majeruhi jioni ileile, siku kadhaa kabla wageni hatujafika. Nilimkuta mmoja wao akiandika kwa kalamu kwenye kipande cha plasta kilichobandikwa kifuani kwa mtoto: saa ya chanjo ya pepopunda, dawa aliyopewa, na jina la mama yake. Kwa vipande vile niliweza kuendelea na matibabu bila kubahatisha.

Ni mwanafunzi huyohuyo aliyenikalimania tulipohitaji kumkata mguu binti mmoja aliyekwisha kushikwa na donda ndugu. Mama yake aliuliza swali moja tu: ni nani atakayemtazama ninyi mkiondoka? Nilimweleza ninachokifahamu, kwamba kigutu huhitaji kusafishwa, pengine kupasuliwa upya, na kwamba mtoto anayekua hubadilishiwa mguu wa bandia mara kwa mara hadi utu uzima. Alisikiliza mpaka mwisho, akazungumza na binti yake kwa muda mrefu, ndipo akakubali.

Swali lake ndilo lililotuongoza siku zilizobaki. Wapo tuliowafunga vyuma vya kushikilia mifupa, ambavyo sharti vitolewe baada ya wiki nyingi, nao hawakuwa tena na nyumba wala anwani. Tuliandika daftari la wagonjwa pamoja na wanafunzi, na badala ya mtaa tukaandika uwanja ambamo mtu analala, rangi ya turubai lake na jina la jirani anayemfahamu. Kabla sijaondoka tulizunguka nalo kambini tukihakiki jina kwa jina. Waliokuwa wamehamia kwa ndugu mashambani tuliwawekea alama, na wanafunzi wakagawana vijiji vya kuwafuata.