Akiba yangu ya risasi za shabaha: kabla ya kuziba sanduku, jua unaziba hewa gani

"Nunua nyingi, ziba kwenye sanduku lisilopitisha hewa, kisha sahau." Ushauri huu nimepewa mara nyingi mno, tena na watu wanaopiga vizuri kuliko mimi, na bado unaniudhi kila ninaposikia mtu mpya akiambiwa. Kuziba si kosa. Kosa ni kuziba bila kujua umefungia nini humo ndani. Risasi zangu za .22 zimekaa miaka na miaka na bado zinapiga sawasawa na siku nilipozinunua, na hilo limewezekana kwa sababu niliukataa ushauri huo mapema.

Mimi hupiga bunduki ya .22 Long Rifle kwa shabaha za mita 50, na mara mojamoja visahani vya udongo kwa bunduki ya marisawa, yaani risasi zilizojaa vichembe vingi vidogo. Mpigaji wa .22 hana budi kuweka akiba, na sababu yake si hofu ya uhaba. Sababu ni bechi, yaani fungu la risasi zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Kiwanda kilekile, aina ileile, boksi lilelile, lakini bechi moja inapendwa na mtutu wako na nyingine inachukiwa. Duara la kumi kwenye shabaha ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4 tu, na risasi yenyewe ina takriban 5.6. Ukipata bechi inayorundika matundu mahali pamoja, unainunua kadiri mfuko na leseni vinavyoruhusu, maana ikiisha haitengenezwi tena. Bechi mpya ni bechi mpya, kazi inaanza upya.

Hesabu ya kiasi ni nyepesi. Risasi 100 kwa wiki ni kama 5,000 kwa mwaka, yaani matofali kumi, kama tunavyoziita pakiti kubwa za risasi 500. Mimi hulenga kuwa na mahitaji ya msimu mmoja na nusu. Wapo wanaojaza chumba. Sioni faida, kwa sababu mtutu nao huchakaa na ladha yake hubadilika. Leseni uisome kabla ya kufungua pochi. Uingereza, kwa mfano, cheti cha kumiliki bunduki hutaja idadi ya risasi unayoruhusiwa kununua na kuwa nayo kwa wakati mmoja. Ujerumani risasi lazima zikae kwenye kasha la chuma lenye kufuli. Popote ulipo kuna kiwango na kuna kanuni ya kufungia, na usingoje mkaguzi ndiye akusomee.

Sasa mahali pa kuweka. Dari hapana, buti la gari hapana, chumba cha chini kinachotoa jasho ukutani hapana. Baruti isiyo na moshi, ile iliyomo ndani ya risasi za leo, imetengenezwa kwa nitroselulosi, na nitroselulosi huvunjika polepole yenyewe ikitoa gesi za asidi. Joto huharakisha kuvunjika huko. Viwanda huweka kemikali ya kutuliza, mara nyingi difenilamini, inayozimeza gesi hizo, lakini nayo hutumika ikaisha. Meli za kivita za Ufaransa, Iéna mwaka 1907 na Liberté mwaka 1911, zililipuka bandarini Toulon, na lawama ikaangukia baruti iliyokuwa imeharibika. Baruti ya leo ni tulivu mno kuliko ile, lakini kanuni haijabadilika. Mimi nilichagua kabati la chuma lenye kufuli lililosimama kwenye ukuta wa ndani, usiopigwa na jua wala mvua, juu kidogo ya sakafu. Nyuzi 13 hadi 25 za Selsiasi ni nzuri. Kinachonisumbua zaidi ni kupanda na kushuka kwa joto mchana na usiku, kwa sababu hapo ndipo unyevu unapoingia kwenye habari hii.

Chukua hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80. Ifungie kwenye sanduku lenye mpira mzuri wa kuzibia. Usiku joto likishuka hadi nyuzi 26 hivi, hewa hiyo inaanza kutoa matone, na matone hayana pa kwenda ila kwenye maganda ya risasi zako. Sanduku bora, ndilo gereza bora la unyevu. Nilipomweleza hivyo mzee mmoja wa klabu yetu, aliniambia, "Mwanangu, weka konzi ya mchele, mambo yameisha." Kwa heshima zote kwake, mchele hunyonya unyevu kidogo na polepole, na unaacha vumbi la wanga linalonata kwenye nta ya vichwa vya risasi. Vumbi hilo ukilipeleka kwenye chemba ya bunduki ya mashindano, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, umejitafutia usafi usio wa lazima.

Kwa hiyo nikanunua kipimo cha unyevu, kidogo, cha betri. Bei yake haikufika ya maboksi machache ya risasi. Nikanunua na cha pili, nikaviweka kando kwa kando. Kimoja kikasema 58, kingine 71. Nani mkweli? Hapa ndipo nilipojifunza jambo ninalolipenda kuliko yote katika shughuli hii, na watu wengi wenye makabati ya thamani hawalijui.

Chumvi ya kawaida ya jikoni ikiloweshwa, bila kuyeyuka yote, huifanya hewa iliyofungiwa juu yake itulie kwenye unyevu wa asilimia 75. Iwe chumba chenye nyuzi 20 au 25, jibu ni lilelile, 75. Maabara hutumia njia hiyohiyo kusahihisha vipimo vyao. Nilijaza chumvi kwenye kizibo cha chupa, nikadondoshea maji tone kwa tone mpaka ikawa kama mchanga wa pwani uliolowa: maji yasielee juu, na chumvi isibaki kavu. Hili la maji usiliharakishe. Ukizidisha, chumvi yote inayeyuka na kipimo kinakudanganya. Ukipunguza, hewa haifiki inapotakiwa. Nikakiweka kizibo ndani ya gudulia la kioo lenye kifuniko cha kukaza, vipimo vyote viwili pembeni, vikitazama nje ili nisilazimike kufungua. Nikafunga. Nikaliacha mahali pasipo na jua wala upepo usiku kucha, na mchana wa pili pia kwa sababu sikuwa na haraka.

Kile kilichosema 58 kikasimama kwenye 66. Kile cha 71 kikasimama kwenye 78. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza kwa mtu asiyependa mambo haya. Nikabandika karatasi nyuma ya kila kimoja: huyu ongeza 9, huyu punguza 3. Tangu siku hiyo nina vipimo viwili vinavyosema kweli, kwa gharama ya kijiko cha chumvi. Hurudia jaribio hilo kila mwaka, kwa kuwa vipimo vya bei nafuu huhama taratibu.

Vipimo vikishasema kweli, vinakufundisha kitu kingine ambacho sanduku lenyewe halisemi. Hewa ya ndani ya sanduku dogo ina maji machache sana. Sanduku la lita kumi, hata kwenye hewa ile nzito niliyoitaja, linabeba robo ya gramu tu. Maji mengi yako kwenye karatasi! Maboksi ya risasi ni karatasi ngumu, na karatasi iliyokaa kwenye hewa ya asilimia 80 hubeba maji zaidi ya sehemu kumi kwa mia ya uzito wake. Unaziba sanduku, unaweka kipakiti kimoja cha silika, zile chembe zinazonyonya unyevu, unajisifu. Karatasi inaanza kutema maji yake, kipakiti kinashiba, na unyevu unapanda tena ndani ya chuma kilichofungwa.

Ninachofanya ni kukausha karatasi kabla ya akiba kuwa akiba. Maboksi yakifika, nayafungua vifuniko bila kuyatupa, nayapanga kwenye sanduku pamoja na silika nyingi, kuliko inavyoonekana inahitajika, na kipimo kimoja ndani. Nafunga. Baada ya siku chache natoa silika iliyoshiba, naweka kavu, nafunga tena. Unyevu ukishuka chini ya 50 na kukaa hapo bila kurudi juu, ndipo naziba kwa muda mrefu, na kipakiti kidogo kinatosha kulinda. Mimi hupenda 40. Kukausha kupita hapo sijaona faida yake. Silika yenye rangi inakusaidia: ya machungwa hugeuka kijani ikishiba, ile ya buluu hugeuka waridi. Ya buluu ina kloridi ya kobalti, sumu, kwa hiyo mimi hutumia ya machungwa. Ikishiba naikausha ovenini kwenye nyuzi 120 kwa saa kadhaa. Silika peke yake, na risasi ziwe chumba kingine kabisa.

Boksi la kiwanda usilitupe hata mtu akikushauri kumwagia risasi zote kwenye chombo kimoja ili kuokoa nafasi. Namba ya bechi iko kwenye boksi. Ukilitupa, umetupa sababu yote ya kuweka akiba.

Mpira wa sanduku naujaribu kwa kipande cha karatasi: nakibana kati ya kifuniko na ukingo, nafunga, navuta. Kikitoka kirahisi, upande huo hauzibi. Nazungusha pande zote nne.

Kuna adui mwingine asiyeonekana, naye ni harufu. Maganda ni mchanganyiko wa shaba na zinki, kwa kawaida sehemu 70 kwa 30, na mchanganyiko huo hauvumilii amonia. Katika karne ya 19 jeshi la Uingereza lililokuwa India lilikuta maganda ya risasi yakipasuka yenyewe majira ya mvua, bila kupigwa. Risasi hizo zilikuwa zimehifadhiwa kwenye mazizi ya farasi. Mpaka mwaka 1921 ndipo ilipoelezwa wazi kwamba amonia ya mkojo wa farasi, pamoja na mkazo uliobaki kwenye ganda tangu kiwandani, ndiyo iliyokuwa ikiyapasua. Rafiki mmoja aliponishauri nitumie kabati la dawa za usafi kwa sababu "lina kufuli tayari," nilimpa kisa hicho. Dawa nyingi za kusafishia vioo zina amonia.

Mbao nazo zichague. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi ya siki, na madini ya risasi huliwa na mvuke huo. Watunza makumbusho wanalijua vizuri. Vichwa vya .22 visivyovikwa shaba vikianza kutoa unga mweupe, unga huo ni sumu, usiupulize wala usiufute kwa kidole. Mikanda ya ngozi nayo ni ya kubebea kwa siku moja, si ya kuhifadhia: kemikali za kuitengenezea ngozi huacha kutu ya kijani kwenye ganda.

Ushauri wa kupaka mafuta risasi "zisipate kutu" ndio unaonikera kuliko ule wa mchele. Mafuta ya kupenya hupenya kweli. Yakiifikia kemikali ya kuwashia, risasi inakufa kimya, na hutajua mpaka siku ya mashindano. Kwenye .22 kemikali hiyo imetandazwa ndani ya ukingo wa kitako, na kichwa kimebanwa tu mdomoni mwa ganda. Njia ya mafuta ni fupi sana. Zaidi ya hapo, ganda lenye mafuta halishiki kuta za chemba inavyopaswa, na kitasa, kile chuma kinachofunga nyuma ya chemba, hupokea msukumo ambao haukukusudiwa kifike kwake.

Marisawa nayaweka kabati jingine, tena kila geji, yaani kipimo cha upana wa mtutu, na rafu yake. Risasi ya geji 20 ikiingia kwenye bunduki ya geji 12 hupitiliza chemba na kukwama mbele, mtu akadhani mtutu ni mtupu, akatia ya 12 nyuma yake. Mtutu hupasuka karibu na mkono wa mpigaji. Ndiyo maana za geji 20 hutengenezwa za manjano. Rangi inasaidia, rafu tofauti inasaidia zaidi. Panga pia kwa kukumbuka uzito: risasi 1,000 za milimita 9 ni kama kilo 12, na rafu nyembamba hupinda.

Kila boksi linaloingia naliandika mwezi na mwaka kwa kalamu nene, la zamani linakaa mbele, na linatumika kwanza. Nikitoa sanduku kwenye chumba baridi kwenda kwenye joto, silifungui hapohapo. Naliacha lipate joto likiwa limefungwa, la sivyo hewa ya nje inageuka matone juu ya maganda baridi. Mikono naiosha baadaye kwa sabuni.

Kila msimu hupiga makundi ya risasi kumi kumi kutoka boksi kongwe na boksi jipya la bechi hiyohiyo, na chombo cha kupimia kasi mbele. Zote hutoka karibu na mita 330 kwa sekunde, na makundi hayatofautiani kwa jicho. Zikianza kutofautiana, kongwe zitakwenda kwenye mazoezi ya kawaida. Risasi isiyowaka naishikilia, mtutu ukielekea kwenye shabaha, kwa dakika nzima kabla ya kufungua kitasa. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, natoa risasi zote na kuchungulia mtutu kutoka nyuma, kwa kuwa kichwa huenda kimebaki ndani na risasi inayofuata ingekikuta njiani. Zilizogoma au zenye kutu ya kijani huingia kwenye kopo lenye maandishi mekundu, na klabu huzikusanya kwa ajili ya kuharibiwa na wenye kibali.