Kifungo cha Nje

Mwaka 1998 nilikuwa karani katika mahakama moja ya wilaya, mkoani Tanga, na kazi iliyokuwa ikinitia hofu kuliko zote ni ukalimani. Mahakama za mwanzo zilikuwa zikiendesha kesi kwa Kiswahili tangu zamani, lakini huku kwetu wilayani kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Hakimu anasoma, karani amesimama kando ya kizimba, anamgeuzia mshtakiwa maneno kwa Kiswahili. Maisha ya mtu yanapita mdomoni mwako kabla hayajafika masikioni mwake.

Siku ile ilikuwa hukumu ya kijana wa miaka 19 aliyeshtakiwa kwa wizi wa baiskeli. Alikuwa amekaa mahabusu miezi minne kwa kukosa wa kumdhamini. Kila kesi ilipotajwa mama yake alikuwapo, benchi la nyuma, upande wa dirishani. Karandinga likiingia uani alinyanyuka kumtazama mwanawe akishuka, kisha akakaa taratibu kama aliyetua mzigo. Nilidhani anaangalia kama amekonda. Siku moja akaniambia mwenyewe: "Namtazama nguo, mwanangu. Maadamu ana shati lake, najua hajafungwa."

Alikuwa sahihi kuliko wengi waliojaa pale. Mahabusu huvaa nguo zake. Sare ni za mfungwa. Lakini mtaani kwao nani alijali hayo? Kijana aliitwa mfungwa tangu wiki ile ya kwanza alipolala kituoni. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Jina nalo halisubiri uthibitisho. Pale bombani wanapochota maji, yule mama alishakuwa "mama wa mfungwa" wakati mwanawe hajasomewa hata ushahidi wa shahidi mmoja.

Asubuhi ya hukumu alinivuta pembeni, akalifungua fundo kwenye ncha ya kanga. Ndani mlikuwa na noti zilizokunjwa mara nne. Alikuwa ameuza mbuzi wawili.

"Hizi za faini. Nimkabidhi nani?"

Nikamwambia asubiri, faini hulipwa baada ya hukumu, tena kwa stakabadhi. Akalifunga fundo lake, akaenda kukaa. Sikumwambia kwamba adhabu ziko nyingi na faini ni mojawapo tu. Nilikuwa na haraka ya kupanga majalada. Mama wa watu akaingia mahakamani akisubiri neno moja, faini, na masikio yake hayakujiandaa kwa neno lingine lolote.

Hakimu alisoma karibu nusu saa. Nikamgeuzia kijana kwamba mahakama imemtia hatiani. Hapo ndipo watu wengi hupotea. Kutiwa hatiani si kufungwa. Ni mahakama kusema imeridhika kwamba kosa ulilitenda. Adhabu inakuja nyuma yake. Mwendesha mashtaka, ambaye siku zile alikuwa askari polisi, akasema hana kumbukumbu ya makosa ya nyuma ya mshtakiwa. Kijana akaulizwa ana lipi la kusema ili apunguziwe adhabu. Akasema: "Naomba mahakama imwonee huruma mama yangu." Hakuomba kwa ajili ya nafsi yake.

Hakimu akainama, akaandika, kisha akasoma kwa ufupi: kwa mujibu wa kifungu cha 38 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu, mshtakiwa anaachiwa, kwa sharti kwamba asitende kosa lolote kwa miezi 12. Sisi makarani tulikuwa na jina letu la adhabu hiyo, tulilorithi kwa waliotutangulia: kifungo cha nje. Magazeti yalilitumia, na hata askari walilisema. Nikafungua mdomo.

"Mahakama inakupa kifungo..."

Nikatupa jicho kwenye daftari kuhakikisha ni miezi 12 wala si sita. Ilikuwa pumzi moja tu.

"...cha nje, cha miezi 12."

Kishindo kilisikika kabla sijamaliza. Mama alikuwa chini, benchi limeinamia upande, na juu ya jicho lake la kushoto damu ilikuwa imeanza kutoka pale alipojigonga kwenye ukingo wa dirisha. Tulipomnyanyua, vidole vyake vilikuwa vimelibana lile fundo la kanga, hatukuweza kuvibandua.

Huko barazani neno lilishatoka. "Kala mvua moja," nikamsikia mtu akisema, yaani mwaka mmoja, na mwingine akadaka baiskeli yake kuupeleka ujumbe mtaani. Mzee mmoja aliyekuja kwa kesi ya shamba akauliza kama na viboko vimo. Sikumshangaa. Watu wa umri wake waliikumbuka sheria ya 1963 iliyoweka viboko 24 kwa baadhi ya makosa, wizi wa mifugo na rushwa vikiwamo: 12 siku ya kuingia gerezani, 12 siku ya kutoka. Kwao neno kifungo lilikuja na mgongo unaowaka.

Mama alizinduka chini ya mwarobaini uani. Mwanawe alikuwa amepiga magoti mbele yake, mikono haina pingu. Akaishika ile kola ya shati, akaipapasa, kisha akanigeukia.

"Kifungo cha nje ndiyo gereza la wapi, mwanangu?"

Nikamwambia si gereza, anarudi naye nyumbani leo hii.

"Sasa mbona umesema kifungo?"

Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo. Sheria yenyewe inasema kuachiwa. Neno kifungo tulilitia sisi, kwa mazoea. Mwaka 2021 sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama zote nchini, nilifurahi kwa dhati, kisha nikamkumbuka yule mama. Yeye aliangushwa na neno la Kiswahili, neno alilolijua vizuri. Tangu siku ile mpaka nastaafu, kila nilipokutana na adhabu ya aina hiyo nilisema "unaachiwa kwa sharti", tena nilianza na kuachiwa.

Kabla hawajaondoka kijana aliniomba: "Kaka, niandikie chochote nikamwoneshe balozi wa nyumba kumi. Mtaani wameshaambiwa nimefungwa." Nakala ya hukumu ingechukua siku kadhaa. Nikachana ukurasa wa daftari langu, nikamwandikia kwa mkono kwamba ametiwa hatiani kwa wizi wa baiskeli na amepewa kifungo cha nje cha miezi 12. Mkono ulijiandikia wenyewe.

Akausoma taratibu. Akaweka kidole juu ya neno moja, akanirudishia karatasi.

Nikalikata lile neno kifungo kwa mistari miwili, juu yake nikaandika "ameachiwa". Akausoma tena. Pale penye hatia hakupagusa. Akampa mama yake, naye akaikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye fundo pamoja na zile noti.