Safari ya leo na binti yangu

Ndiyo tumefika sasa hivi.

Binti yangu ana miaka 5, na kila tukipanda gari tumbo linamchafuka.

Leo alikuwa anaangalia katuni kwenye simu. Ghafla akanyamaza, midomo ikapauka, kijasho chembamba kikamtoka. Nikajua.

Nikaichukua simu, nikafungua dirisha. Nikamwambia, "Mama, tazama ule mlima kule mbali." Macho yakiganda kwenye simu huku sikio la ndani linahisi mwendo, ubongo unachanganyikiwa.

Alitapika mara moja tu, kwenye mfuko niliokuwa nimeuweka tayari mapajani.

Lakini kile kiganja chake! Cha baridi, kimeng'ang'ania kidole changu kimoja mpaka tunashuka. Bado nakihisi.

Wazazi wenzangu, wa kwenu mnawasaidiaje njiani?